Mama Kauliza: Sheria za Angani Zinaandikwa na Nani?

Huku Moshi tupo. Mlima umejifunika mawingu wiki nzima utadhani una aibu, bumu bado halijaingia, na maharage ya kantini ni yale yale mnayoyajua. Leo sina stori ya hosteli. Nina mada nzito kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae.

Mnakumbuka tarehe 24 Desemba 2025, mkesha wa Krismasi, helikopta ya uokoaji ilianguka mlimani kwetu, upande wa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Watu watano walifariki. Likizo ile kila kijiwe cha Moshi kiligeuka chuo cha urubani. Kuanzia stendi mpaka Mbuyuni, kila mtu alikuwa na jibu lake: upepo, ukungu, mzigo, shetani. Mimi chanzo sikijui na wala sitakitaja hapa, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Kilichonikaa kichwani ni kitu kingine. Katika mabishano yote yale sikumsikia hata mmoja akiuliza: hivi kuna sheria gani za kuruka kule juu, na zimetoka wapi?

Aliyekuja kuuliza ni mama yangu, na alikuwa na sababu. Kaka yangu ni muongoza watalii. Alianza kama mgumu, akabeba mizigo ya wageni misimu kadhaa mpaka magoti yakaanza kulia, ndo akasomea akapata leseni. Mgeni akizidiwa na mwinuko, mapafu yakaanza kujaa maji, mara nyingine inabidi ashushwe kwa helikopta, na muongozaji naye anaweza kuambiwa apande amsindikize. Mama akatoa amri: "Wewe baba, hicho kidude hupandi." Kaka akamjibu kwa upole kwamba helikopta zina sheria zake, mama asiwe na wasiwasi. Mama akauliza: "Sheria hiyo kaandika nani? Na huyo aliyeandika, Barafu ameshafika?"

Kimya. Wote wakanigeukia mimi, msomi wa familia, mtu wa ualimu wa fizikia na hisabati. Basi nikarudi chuo na hilo swali, na nimelisoma kuliko nilivyosoma falsafa ya elimu. Nawaletea nilichopata.

Kwanza, mlima wetu una historia na ndege. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya East African Airways iliyokuwa inatoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mawenzi. Ndani kulikuwa na watu 20, hakupona hata mmoja. Novemba 2008 ndege ndogo ya watalii ikaangukia Mawenzi hiyo hiyo, wakafa Waitaliano wanne, rubani akaokolewa. Mawenzi ina mita 5,149. Watu wengi wakitazama Kilimanjaro wanaona Kibo tu, ile yenye theluji, na Mawenzi imekaa pembeni kama mdogo mtu aliyenyimwa keki. Lakini ndani ya wingu mdogo mtu ndo hatari.

Sasa jiulize: ndege inagongaje mlima ambao upo pale pale toka enzi za mababu? Jibu ni kwamba ndege inaweza kuwa nzima kabisa, injini zinaunguruma vizuri, rubani yuko macho, ila hajui kuwa mbele ya wingu kuna jiwe. Ajali za namna hii zimeua watu wengi sana duniani. Na hapa ndo unaona sheria inavyozaliwa.

Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya abiria ya shirika la TWA iligonga kilima Virginia, Marekani, ikaua watu 92. Baada ya hapo Marekani ikaagiza ndege kubwa za abiria zifungwe kifaa kinachompigia kelele rubani kwamba ardhi inakaribia. Miaka michache baadaye agizo la namna hiyo likaingia kwenye viwango vya dunia. Injinia aliyepigania sana kifaa hicho alikuwa Don Bateman, mzaliwa wa Kanada. Ila kifaa cha mwanzo kilikuwa na kasoro: kilitazama chini tu, mbele hakioni. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand iligonga mlima Erebus kule Antaktika, wakafa watu 257. Kifaa kilipiga kelele, lakini zikiwa zimebaki sekunde 6 hivi. Sekunde 6 jamani, hata kufunga kamba za kiatu hazitoshi! Bateman na wenzake wakahangaika mpaka wakatengeneza kifaa kipya chenye ramani ya milima ya dunia ndani ya kompyuta, na sehemu ya ramani walinunua zile za kijeshi za Urusi ya zamani. Desemba 1995 ndege nyingine ikagonga mlima karibu na Cali, Kolombia, wakafa 159. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena. Miaka ya 2000 ilipoanza, kifaa kipya nacho kikawa lazima kwa ndege kubwa.

Kwa hiyo mama, sehemu ya kwanza ya jibu: mwandishi wa kwanza wa sheria hizi ni marehemu. Inatisha kusema hivyo lakini ndivyo ilivyo. Kila mstari ukiufukua, chini yake utakuta mtu.

Ila marehemu haandiki barua. Ajali ya Virginia inafikaje kuwa sheria Kilimanjaro? Mwaka 1944, vita kuu ya pili haijaisha, nchi 52 zilikutana Chicago zikasaini mkataba wa usafiri wa anga. Ndo ulioleta shirika la ICAO, ambalo makao yake yako Montreal, Kanada. Leo lina nchi wanachama 193. Mkataba wenyewe ni mfupi, nyama iko kwenye viambatisho vyake 19: kimoja leseni za marubani, kingine uendeshaji wa ndege, kingine viwanja, kingine uchunguzi wa ajali, na kadhalika.

Kubadilisha mstari mmoja wa kiambatisho kuna hatua, na wale tuliowahi kugombea serikali ya wanafunzi tutaelewa haraka. Kwanza mtu analeta hoja: nchi fulani, chama cha marubani, au mapendekezo yaliyotoka kwenye ripoti ya ajali. Wataalamu wanakaa wanaandika rasimu. Rasimu inakwenda kwenye Tume ya Urambazaji wa Anga ya shirika hilo, inachambuliwa. Halafu inatumwa kwa barua kwa nchi zote, kwa kawaida zinapewa miezi mitatu ya kujibu. Tanzania inapata barua ile ile anayopata Mmarekani. Majibu yanarudi, rasimu inapigwa msasa, inapelekwa kwenye Baraza. Hapo lazima ipite kwa theluthi mbili ya kura. Ikipita bado haijamaliza, nchi zinapewa tena muda, na kama nyingi zaidi ya nusu zikiikataa, inakufa. Kuanzia tume ilipoitazama mara ya kwanza mpaka siku ya kuanza kutumika, ni kama miaka miwili.

Miaka miwili! Mwanzoni nilikasirika. Watu wanakufa nyie mnaandikiana barua? Halafu nikatulia nikaona mantiki yake. Ukiandika sheria kwa hasira ya msiba, unaweza kuandika kitu ambacho Japani wanakiweza na Kongo hawakiwezi, na sheria isiyowezekana inavunjwa na kila mtu mpaka inakuwa mapambo. Ndo maana pia kuna ngazi mbili. Kuna viwango, ambavyo ni lazima, na kuna mapendekezo, ambayo ni vizuri kuyafuata. Na nchi ikiona kiwango fulani haikiwezi au sheria yake inasema tofauti, mkataba unaitaka iseme wazi kwa maandishi. Inaruhusiwa kutofautiana, kujificha ndo hairuhusiwi. Natamani na kazi za vikundi hapa chuoni zingekuwa hivyo!

Bado tuko Montreal, mlima uko Moshi. Tanganyika ilijiunga na mkataba huo mwaka 1962. Enzi za Jumuiya ya zamani mambo ya anga yalisimamiwa kwa pamoja, Kenya, Uganda na sisi. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Tanzania ikatunga sheria yake ya usafiri wa anga. Mwaka 2003 ikaanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hii TCAA tunayoisikia. Kiwango kikitoka ICAO hakimbani rubani wa hapa moja kwa moja. Lazima kiingizwe kwenye kanuni za nchi, wadau watoe maoni, waziri asaini, kitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Na toka mwaka 2007 Jumuiya mpya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, kazi yake mojawapo ni kuhakikisha kanuni za nchi zetu zinafanana. Ina maana kubwa hiyo, kwa sababu mlima wetu uko mpakani. Ndege inaweza kuruka Wilson kule Nairobi na muda si mrefu baadaye ikawa juu ya Rombo. Haileti maana ivuke mpaka na sheria igeuke kama bei ya sukari.

Sasa nikupeni mfano mmoja ambao wagumu wote watauelewa. Kiambatisho cha uendeshaji wa ndege kinasema hivi kuhusu oksijeni. Presha ya hewa mlimo watu ikishuka chini ya hektopaskali 700, ambayo ni kama mita 3,000, lazima kuwe na oksijeni ya wafanyakazi wote wa ndege na asilimia 10 ya abiria, kwa muda wote unaozidi dakika 30. Ikishuka chini ya 620, ambayo ni kama mita 4,000, lazima iwepo ya kila mtu aliyemo, kwa muda wote, bila dakika za kusamehewa.

Weka hizo namba kwenye njia ya Marangu. Mandara ni mita 2,720, hapo uko salama na sheria haina habari na wewe. Kati ya Mandara na Horombo, ambayo ni mita 3,720, unavuka mstari wa kwanza. Kati ya Horombo na kibanda cha Kibo, kama mita 4,700, unavuka wa pili. Yaani aliyeandika mistari ile huenda mlima wetu kauona kwenye kalenda tu, lakini mistari yake imeangukia pale pale ambapo mgumu yeyote atakuambia "hapa kichwa kinaanza" na "hapa wageni wanaanza kutapika." Mwili wa binadamu ndo uliosema, sheria imeandika tu. Nilipomweleza kaka akacheka, akasema hata yeye angeweza kuwaandikia, bila kwenda Montreal.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha, sekondari moja huku juu kwenye migomba, nilifundisha kanieneo ya hewa. Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hewa ya juu ni nyepesi, si helikopta itapaa kirahisi zaidi?" Swali zuri aisee, na nusu ya darasa walikuwa wanatikisa kichwa kukubaliana naye. Nikawaambia wafikirie mtu anayeogelea. Anakwenda kwa sababu anasukuma maji. Punguza maji, atasukuma nini? Mapanga ya helikopta yanasukuma hewa chini ili yenyewe ipande juu, na Uhuru presha ya hewa ni karibu nusu tu ya ile ya Tanga. Injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo kidogo, inachoka. Haimaanishi haiwezekani. Tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua kwenye kilele cha Everest. Lakini kila helikopta ina kitabu chake chenye majedwali: urefu huu, joto hili, uzito usizidi huu. Sheria inasema usitoke nje ya kitabu. Uhai wa watu unakaa ndani ya jedwali, wadau, na kulisoma jedwali ni hesabu ya sekondari.

Kitu kingine nilichokipenda ni namna wanavyochunguza. Kiambatisho cha 13 kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine isitokee, kugawa lawama si kazi yake. Sisi kwetu kitu kikiharibika swali la kwanza ni "nani?" Wao swali ni "ilikuwaje?" Na hawasubiri mtu afe. Wale wa Arusha mnakumbuka Desemba 2013, lile Boeing 767 la Ethiopia lililokuwa linakuja KIA likaishia kutua kwenye uwanja mdogo wa Kisongo, likatoka nje ya njia mpaka kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia, watu wakapiga picha wakaenda zao. Kwa wachunguzi lile ni tukio zito, linafunguliwa jalada kama ajali. Na ajali zenyewe tumeziona. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Msiba wa namna hiyo usipozaa swali la "ilikuwaje", wale 19 watakuwa wamekufa mara mbili.

Basi, sheria tunazo, zimetoka mbali, zimepigiwa kura, zimechapwa kwenye Gazeti. Tumemaliza? Hapana, na hapa ndo penyewe. Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyopewa cheti Tanzania kwenye orodha yake ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka Ulaya. Walipotoa sababu, walitaja upungufu wa wataalamu wenye sifa na usimamizi usio na nguvu. Soma tena hapo. Walilalamikia watu: wale wa kwenda kuikagua ndege asubuhi, kufungua kitabu, kupiga hesabu, na kumwambia mwenye ndege "leo hairuki."

Nikamrudishia mama jibu lake. Nikamwambia sheria imeandikwa na waliokufa, ikasahihishwa na nchi 193, ikasainiwa na waziri. Na kwamba kwa sheria hiyo rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho, hata bosi wake akipiga simu, hata mgeni akiahidi dola. Na kwamba abiria lazima aelekezwe mkanda na milango ya dharura kabla ya kuruka, kwa hiyo kaka ana haki ya kuuliza oksijeni iko wapi na uzito umepigwa na nani, na asipojibiwa ashuke. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sawa. Sheria nimeikubali. Huyo mkaguzi wamesoma wangapi?"

Hilo sikuwa na namba yake, ila najua wanakotoka. Wanatoka kidato cha pili, kwenye darasa lenye watoto wengi na kitabu kimoja kwa dawati, wakiwa wanafundishwa kanieneo na mtu kama mimi au wewe. Binti yule aliyeuliza kuhusu helikopta anaweza kuwa rubani, au mkaguzi, au yule atakayeijibu barua ya Montreal kwa niaba yetu na kuwaambia "hapa mmekosea, mlima wetu hauko hivyo." Au anaweza kuacha fizikia kidato cha tatu kwa sababu mwalimu alimjibu "kaa chini." Kuna shule ngapi huku kwetu ambazo mwalimu wa fizikia ni stori tu?

Kwa hiyo wale mnaosema ualimu ni kozi ya waliokosa kozi, mimi sina ugomvi na nyie. Siku mkipanda ndege mtaangalia dirishani mwone Kibo ilivyo nzuri. Mimi nitakuwa naangalia kama fundi aliyesaini cheti cha ndege alifundishwa vizuri kugawanya.

Nawasilisha. Kesho saa mbili asubuhi nina testi ya saikolojia ya elimu, mniombee.